Viwanja vya NASCAR visipangwe kwa urefu peke yake

Mhariri,

Daytona ina urefu wa maili 2.5. Indianapolis ina maili 2.5. Pocono nayo ni maili 2.5. Ukiviweka viwanja hivi vitatu kwenye safu moja ya jedwali, kama kurasa za michezo zinavyozoea kufanya zinapoandika kuhusu mbio za magari za NASCAR za Marekani, msomaji atadhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo hata kidogo. Kona za Daytona zimeinama nyuzi 31, na magari yanapita pale kwa kundi bila dereva kuachia mafuta. Kona nne za Indianapolis zina nyuzi 9 na ushee tu, na kila moja inamlazimisha dereva apunguze mwendo. Pocono ni pembetatu ya kona tatu zisizofanana: ya kwanza imeinama nyuzi 14, ya pili 8, ya tatu 6, kwa hiyo fundi akilitengeneza gari liwe zuri kwenye kona moja, lazima apoteze kitu kwenye nyingine. Dereva aliyeshinda Daytona hajakuambia lolote kuhusu atakavyofanya Pocono.

Tunaliandikia gazeti kwa sababu wasomaji wanaocheza ligi za fantasi za mbio hizi, yaani michezo ya kuchagua madereva halisi na kupata alama kwa matokeo yao, wanazitumia takwimu mnazochapisha, na takwimu hizo zikipangwa kwa urefu wa uwanja zinawapotosha. Viwanja vifananishwe kwa mambo yanayoamua mbio: idadi ya mizunguko, mwinamo wa kona, aina na umri wa lami, jinsi matairi yanavyochakaa, na kama gari la nyuma linaweza kulipita la mbele. Urefu uje baadaye kabisa.

Tuanze na idadi ya mizunguko, maana ndiyo inayosahaulika zaidi na ndiyo rahisi kuliko yote kuihesabu. Katika DraftKings, mmoja wa michezo hiyo ya fantasi, unachagua madereva sita kwa bajeti ya dola 50,000 za mchezo. Mbali na alama za nafasi ya kumaliza, dereva anapata alama 0.25 kwa kila mzunguko anaouongoza, alama 0.45 kwa kila mzunguko ambao yeye ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na alama 1 kwa kila nafasi anayopanda kutoka alipoanzia. Akishuka anakatwa alama 1 kwa kila nafasi. Sasa chukua idadi ya mizunguko ya mbio uizidishe kwa 0.70, yaani 0.25 na 0.45 kwa pamoja. Bristol ina mizunguko 500, kwa hiyo uwanjani kuna alama 350 za kugombania nje ya nafasi za kumaliza. Mbio za maili 600 za Charlotte zina mizunguko 400, sawa na alama 280. Phoenix ina mizunguko 312, karibu alama 218. Kansas ina 267, karibu alama 187. Daytona 500 ina 200, alama 140. Pocono na Indianapolis zina 160, alama 112. Sonoma ina 110, alama 77 tu.

Hesabu hiyo ina kasoro ndogo inayopaswa kurekebishwa. Mizunguko ya bendera ya njano, inayotolewa kukiwa na ajali ili magari yapunguze mwendo, inahesabiwa kwa anayeongoza, lakini haitoi alama za mzunguko wa kasi. Mbio zikiwa na mizunguko 60 ya njano, toa 60 mara 0.45, yaani alama 27. Kwenye viwanja vyenye ajali nyingi makato hayo yanauma.

Tazama hesabu hii inavyobadilisha uchaguzi. Dereva anaanza wa kwanza Bristol, anaongoza mizunguko 150, anashika mizunguko 80 ya kasi, kisha anamaliza wa tano. Juu ya alama zake za kumaliza anaongezewa 37.5 na 36, anakatwa 4 kwa kushuka nafasi nne, na kubaki na ziada ya 69.5. Mwenzake anaanza wa 28 na kumaliza wa 12: ziada yake ni 16. Hapo bila wale wachache wanaotawala mbio, timu yako haifiki popote hata wengine wote wakifanya vizuri. Hamia Daytona. Dereva anaanza wa 34 na kumaliza wa 6: ziada ni 28. Anayeanza wa 2, akaongoza mizunguko 20, kisha akagongwa na kumaliza wa 33, ameongezewa alama 5 za kuongoza na kukatwa 31. Ndiyo maana mchezaji mzoefu anamkimbia dereva wa safu ya mbele Daytona na kumng'ang'ania huyo huyo Bristol. Kwa kawaida panga watawala wawili au watatu Bristol, Martinsville na Dover, wawili Kansas na Las Vegas, mmoja kwenye barabara za kona za kushoto na kulia, na Daytona au Talladega usimlipie yeyote kwa sababu ya kuongoza.

Michezo mingine ina hesabu zake, na msomaji aisome kwanza kanuni ya ligi yake. Katika ligi rasmi ya NASCAR alama zinafuata zile za mashindano yenyewe, yaani nafasi ya kumaliza pamoja na alama za hatua (vipande ambavyo mbio hugawanywa), ambazo ni 10 kwa wa kwanza hadi 1 kwa wa kumi. Kuongoza mizunguko mingi hakulipi kitu huko, na kupanda kutoka nyuma hakulipi pia. Jedwali moja la madereva haliwezi kuhudumia michezo yote miwili, na gazeti linapolichapisha bila kusema ni la mchezo upi, linakuwa limemsaidia msomaji nusu tu.

Baada ya mizunguko inakuja mwinamo, na hapa ndipo urefu unapodanganya vibaya. Dover ni maili 1. New Hampshire ni maili 1.058. Phoenix ni maili 1. Lakini Dover ni ya zege na kona zake zimeinama nyuzi 24: gari linaangukia konani, mwinamo unalishika, na dereva anatembea kwa kasi kubwa huku breki ikiguswa kidogo. New Hampshire ina mwinamo wa kati ya nyuzi 2 na 7, karibu ni sakafu. Dereva anafunga breki kwa nguvu, anasubiri pua ya gari igeuke, kisha anajaribu kukanyaga mafuta bila magurudumu ya nyuma kuteleza. Hizo ni kazi mbili tofauti, zinataka gari tofauti na mguu tofauti. Phoenix iko upande wa New Hampshire, si wa Dover.

Kundi la viwanja bapa ndilo lenye faida kubwa kwa mchezaji wa fantasi, kwa sababu matokeo yanahama vizuri kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Weka pamoja Phoenix, New Hampshire, Gateway ya maili 1.25 karibu na St. Louis, Richmond ya maili 0.75, na Iowa ya maili 0.875. Angalia timu ya Penske tangu gari jipya la NASCAR lianze kutumika 2022. Joey Logano alishinda Gateway mwezi Juni 2022, kisha Phoenix Novemba mwaka huo huo. Mwaka 2024 Austin Cindric alishinda Gateway baada ya Ryan Blaney kuishiwa mafuta mzunguko wa mwisho, Blaney akashinda Iowa, na Logano akashinda Phoenix mwezi Novemba. Mwaka 2025 Blaney alishinda New Hampshire mwezi Septemba na Phoenix mwezi Novemba. Mtu anayetazama safu ya "viwanja vya maili 1" peke yake angeichanganya Dover humo ndani na kuitupa nje Iowa, na mwelekeo huo asingeuona.

Martinsville ni bapa pia, nyuzi 12, lakini tunaiweka pembeni kidogo. Urefu wake ni maili 0.526, sehemu zilizonyooka ni za lami na kona ni za zege, na breki zinafanya kazi kuliko mahali pengine popote kwenye ratiba. Kupita ni kugumu mno. Nafasi ya kuanzia na sehemu ya kuegesha kwenye piti (mahali pa kubadilishia matairi na kujaza mafuta) zina uzito mkubwa pale: anayeanza wa kwanza ndiye anayechagua sehemu ya kuegesha, naye huchagua ile ya mwisho karibu na njia ya kutokea, ili akitoka asizuiwe na gari lolote.

Viwanja vifupi vina mtego mwingine. Mzunguko mmoja Bristol unachukua takriban sekunde 15 au 16, kwa hiyo kiongozi anawafikia magari ya mwisho mapema sana. Dereva mwenye gari zuri aliyeanza wa 33 anaweza kupitwa mzunguko mzima kabla hajapata nafasi ya kupanda. Akishapitwa, anategemea bendera ya njano, ambayo humrudishia mzunguko moja kwa moja dereva mmoja tu, yule wa kwanza kati ya waliopitwa. Ndiyo sababu alama za kupanda kutoka nyuma, ambazo kwenye karatasi zinavutia, ni ngumu kuzipata Bristol kuliko Kansas, na ni ngumu zaidi ikiwa mbio zinaenda kwa muda mrefu bila njano. Usimnunue wa nyuma kwa sababu tu yuko nyuma.

Tuseme sasa kuhusu uso wa uwanja, jambo linalostahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa. Bristol imekuwa ya zege tangu 1992. Mwezi Machi 2024 mbio zake za majira ya kuchipua zilirudi kwenye zege baada ya miaka ya kukimbilia udongo, na matairi yaliliwa haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mpira haukushika kwenye zege ukatengeneza njia ya kukimbilia. Ulitoka vipande vipande ukarundikana pembeni. Madereva wakalazimika kwenda polepole ili kuokoa matairi, uongozi ukabadilika mara 54, na Denny Hamlin akashinda. Waliojua kutunza tairi walipanda. Wenye kasi tupu walianguka. Miezi sita baadaye, Septemba 2024, ukafika usiku wa mbio za pili kwenye uwanja huo huo. Safari hii mpira ulishika, matairi yakadumu, na Kyle Larson akaongoza mizunguko 462 kati ya 500. Majira ya kuchipua ya 2025 aliongoza 411.

Urefu ule ule, mwinamo ule ule, zege lile lile. Kilichotofautiana ni kama mpira unashika au haushiki, na hilo linategemea joto la uso, aina ya tairi na dawa ya kunatisha inayopakwa konani. Kwa mchezaji, tofauti hiyo ni kati ya kununua mtawala mmoja mwenye bei kubwa na kugawa fedha kwa madereva wanne wa kati. Utajuaje mapema? Tazama mazoezi ya siku moja kabla ya mbio, lakini usitazame mzunguko mmoja wa kasi. Tazama muda wa mzunguko wa 3 na wa 20 wa gari lile lile. Kama mwendo umeshuka kidogo tu, tarajia mbio za mtawala. Kama umeanguka vibaya na magari yanarudi piti yakiwa na matairi yaliyotoka nyuzi, vunja mpango wako wa mwanzo. Mazoezi siku hizi ni ya dakika chache na madereva wamegawanywa makundi, kwa hiyo si kila mtu anafikisha mizunguko 20, asiyefikisha usimhukumu. Pia kundi la pili huwa linakuta uso wenye mpira zaidi, na mara nyingine wenye joto tofauti, hivyo linganisha dereva na wenzake wa kundi lake kwanza.

Darlington na Homestead ndiyo viwanja vinavyokula matairi karibu kila mara. Darlington, iliyofunguliwa 1950, ina umbo la yai: kona za 1 na 2 ni pana na zimeinama nyuzi 25, za 3 na 4 ni nyembamba na zina nyuzi 23. Lami yake inasugua tairi kiasi kwamba mwendo unashuka mfululizo tangu gari linapotoka piti. Homestead ni maili 1.5 na mwinamo wake unaongezeka kadiri unavyopanda kuelekea ukutani, kutoka nyuzi 18 hadi 20, ndiyo maana madereva kama Larson na Tyler Reddick wanakimbia wakiwa karibu kuugusa ukuta. Larson aliongoza mizunguko 199 kati ya 267 mwezi Oktoba 2022 na kushinda, Reddick akashinda Oktoba 2024, Larson tena Machi 2025. Safu ya "maili 1.5" inaiweka Homestead pamoja na Texas. Sisi tunaiweka pamoja na Darlington, ingawa moja ni mviringo na nyingine ni yai, kwa sababu ustadi unaotakiwa ni ule ule: kutunza tairi la kulia la nyuma na kutafuta njia nyingine ya kupita ile ya chini inapochakaa.

Ila Darlington haimaanishi kwamba hakuna mtawala. Chase Briscoe aliongoza mizunguko 309 kati ya 367 ya Southern 500, mbio za uwanja huo, mwaka 2025. Matairi yanapochakaa, gari lililotengenezwa vizuri linazidi kuyaacha mengine kadiri mizunguko inavyopita, hasa ikiwa lina hewa safi mbele yake.

Hewa safi ndiyo ufunguo wa Kansas, Las Vegas na Charlotte. Kwenye viwanja hivi vya maili 1.5 gari la pili linapoteza mshiko kwa sababu hewa inayolifikia imeshavurugwa na la kwanza. Kansas inaruhusu njia mbili au tatu konani, ndiyo sababu inatoa mbio nzuri: Mei 2024 Larson alimshinda Chris Buescher pale kwa sekunde 0.001, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya ligi kuu. Texas tusiichanganye na hizi. Ilipofanyiwa ukarabati 2017, kona za 1 na 2 zilishushwa hadi nyuzi 20 huku za 3 na 4 zikibaki na 24, na kona ya kwanza ikawa mahali ambapo magari yanateleza na kugonga ukuta. Anayeanza mbele Texas ana faida kubwa kuliko anayeanza mbele Kansas.

Na kuna Atlanta. Hapa ndipo wachezaji wapya hupotea wengi zaidi. Ina maili 1.54, kwa hiyo jedwali la urefu linaipeleka kwa Kansas. Lakini tangu 2022 uwanja huo una kona za nyuzi 28, magari yanakimbia na injini iliyobanwa hadi nguvu farasi 510 kama Daytona na Talladega, na yanatembea kwa kundi. Februari 2024 Daniel Suárez alishinda kwa sekunde 0.003 mbele ya Blaney, magari matatu yakiwa sambamba mstarini. Takwimu zozote za Atlanta za kabla ya 2022 zitupwe. Ni za uwanja mwingine kabisa wenye jina moja. Tofauti iliyobaki kati ya Atlanta na Daytona ni mizunguko: Atlanta ina 260, na uwanja ni mwembamba zaidi, kwa hiyo aliye mbele anaweza kuwazuia wengine. Logano aliongoza 140 pale Machi 2023. Daytona usiweke matumaini hayo. Atlanta weka kidogo, kwa dereva mmoja.

Daytona na Talladega zenyewe hazihitaji maneno mengi. Talladega ni maili 2.66 na nyuzi 33, mizunguko 188. Chagua wanaoanza kuanzia nafasi ya 20 kwenda nyuma, wenye desturi ya kumaliza mbio, na uchague wawili au watatu wa kampuni moja ya magari, kwa sababu Ford, Chevrolet na Toyota hupanga kwenda piti kwa makundi yao. Fahamu pia kwamba katikati ya mbio madereva wanakwenda polepole makusudi kuokoa mafuta. Pale matairi hayaliwi sana, kwa hiyo muda wa kusimama piti unaamuliwa na mafuta. Aliyetumia kidogo anajaza kidogo na kutoka mbele. Dereva anayeonekana kuzembea nafasi ya 25 mzunguko wa 100 huenda yuko sawasawa na mpango wa timu yake.

Kwenye barabara za kona za kushoto na kulia, kama Sonoma, Watkins Glen na Circuit of the Americas, tatizo ni mkakati wa hatua. Mzunguko ni mrefu, kwa hiyo gari linaweza kwenda piti wakati wa bendera ya kijani lisipitwe mzunguko. Timu zinazotaka ushindi huingia piti mizunguko michache kabla hatua haijaisha, zikaziacha alama za hatua, kisha zinajikuta mbele wengine wanapoingia piti wakati wa njano. Katika ligi rasmi hilo linamnyima dereva wako alama, DraftKings halimuumizi. Pocono ni mviringo kwa jina lakini inachezwa hivi hivi, kwa sababu ya urefu wa mzunguko wake. Kuhusu madereva, Shane van Gisbergen ametenganisha kundi hili na mengine yote: mwaka 2025 alishinda Mexico City, Chicago, Sonoma, Watkins Glen na Charlotte Roval (njia ya kona za kushoto na kulia ya uwanja wa Charlotte), na Sonoma aliongoza mizunguko 97 kati ya 110. Lakini alama za kutawala Sonoma jumla ni 77. Kabla ya kumlipia bei ya juu, hakikisha anaanza wapi. Akianza wa kwanza hana nafasi ya kupanda.

Suala la umri wa takwimu linahitaji ukali. Gari la sasa lilianza 2022, likiwa na gia tano, nati moja katikati ya kila gurudumu na mfumo huru wa magurudumu ya nyuma. Matokeo ya kabla ya hapo yanaonyesha kama dereva anaupenda uwanja, hayaonyeshi zaidi. Na kuanzia 2026 NASCAR imepandisha nguvu ya injini kutoka farasi 670 hadi 750 kwenye viwanja vilivyo chini ya maili 1.5 na kwenye barabara za kona. Kwa hiyo hata takwimu za 2022 hadi 2025 za Bristol, Martinsville, Phoenix au Darlington zina upungufu, ilhali za Kansas na Las Vegas zimebaki kama zilivyokuwa. Nguvu zaidi kwenye kona bapa ina maana magurudumu ya nyuma yatateleza mapema na matairi yatachoka haraka. Wenye mguu mwepesi kwenye mafuta wapewe uzito kidogo zaidi.

Msimu wa 2026 pia umerudisha viwanja visivyo na rekodi ya mbio za alama za gari la sasa. Chicagoland, maili 1.5, ilikuwa nje ya ratiba tangu 2019. Hakuna cha kuangalia isipokuwa viwanja vinavyofanana nayo, na kwa lami yake kuukuu tunapendekeza Homestead na Darlington kwanza, Kansas baadaye. North Wilkesboro, maili 0.625, imepewa mbio za alama kwa mara ya kwanza tangu 1996. Richmond, Iowa na Martinsville ndizo za kutazama.

Mchezaji anayetaka kuandaa wiki yake vizuri aanze na taarifa ya matairi ya Goodyear, inayotoka kabla ya mbio. Taarifa hiyo hutaja kama tairi la wiki hii limewahi kutumika kwenye uwanja mwingine. Hiyo ni dalili bora ya ufanano kuliko urefu wowote. Kisha achague viwanja vitatu au vinne vinavyofanana, achukue mbio za mwaka mmoja na nusu uliopita, na asome wastani wa nafasi ya kukimbia, yaani nafasi aliyokuwa nayo dereva mbio zikiendelea, badala ya nafasi ya kumaliza. Dereva aliyekimbia wastani wa 6 kisha akagongwa na kumaliza wa 31 ana gari zuri; yule aliyekimbia wa 19 na kumaliza wa 7 kwa bahati ya mafuta hana. Uwanja wenyewe upewe uzito mara mbili ya vile vinavyofanana, na mbio za miezi sita ya karibuni uzito mara mbili ya zile za nyuma yake. Baada ya hapo aangalie mazoezi, halafu nafasi za kuanzia.

Mwisho wa maandalizi kuna jambo linalowaponza wengi saa moja kabla ya mbio. Gari likifanyiwa marekebisho yasiyoruhusiwa baada ya nafasi kupangwa, dereva hupelekwa nyuma ya msafara. Lakini DraftKings inaendelea kuhesabu kutoka nafasi yake rasmi. Aliyepangiwa wa 5 akapelekwa nyuma bado ni wa 5 kwa hesabu yako, na lazima apite magari zaidi ya 30 ndipo arudi sifuri. Kansas, ambako njia ni nyingi, anaweza. Martinsville mwondoe.

Ombi letu kwa mhariri ni dogo. Mnapochapisha ratiba ya wiki, kila uwanja uwe na mambo haya sita kwenye mstari wake: idadi ya mizunguko, mwinamo wa kona, zege au lami na mwaka uliowekwa, nguvu ya injini ya wiki hiyo, viwanja viwili vinavyofanana nao, na mwaka wa mwisho uwanja ulipobadilishwa umbo. Urefu ukibaki na nafasi, uwekwe wa saba.

Wasomaji wenu wa kurasa za michezo